Kurusha ndege kongwe ni kuhifadhi mikono, si chuma

Wiki hizi kuna picha inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa Unguja na ya jamaa zetu walioko Uingereza. Ni ndege ya kivita ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mabawa yake ya mbao na kitambaa yamepangwa moja juu ya jingine, imesimama ndani ya makumbusho ya jeshi la anga huko Hendon, kaskazini mwa London. Mwilini mwake pameandikwa Zanzibar No. 1. Maelezo yanayofuatana na picha hubadilika kwa kila anayeituma. Mmoja anasema ni ndege ya Sultani iliyoporwa. Mwengine anasema tuidai kama wenzetu wanavyodai sanamu na vinyago vyao. Walionifanya nikae niandike ni wale wanaokwenda mbali zaidi: irudi, itengenezwe, iruke tena, ipite juu ya Forodhani siku ya Mapinduzi, kwani Wazungu nao si wanazirusha ndege zao za zamani kila kiangazi?

Wanazirusha, ni kweli. Lakini watu wengi, huko na huku, hawaelewi kinachofanyika pale ndege kongwe inaporudishwa angani. Tunadhani ile ni njia ya kuihifadhi, kwamba chombo kilichokuwa kimekufa kimefufuliwa na sasa kipo salama. Ukiifuata kazi yenyewe hatua kwa hatua utaona kwamba chuma cha zamani, kwa sehemu kubwa, huondoka ndani ya karakana na hakirudi. Kinachobaki ni ujuzi wa kukitengeneza kingine mfano wake. Kwa sisi wa visiwa hivi, ambao hatuna ndege hiyo wala fedha za kuirusha, hapo ndipo penye somo, na somo lenyewe linatugusa kwenye mambo yaliyo karibu zaidi na Forodhani kuliko anga yake.

Kwanza tuiweke sawa habari ya ndege yenyewe. Ni F.E.2b, iliyobuniwa na kiwanda cha ndege cha kifalme huko Farnborough. Injini yake, Beardmore, imefungwa nyuma ya rubani, na pangaboi linaisukuma ndege badala ya kuivuta. Mbele kabisa, kwenye kibanda kilicho wazi kwa juu, ndipo anapokaa mpiga bunduki. Akitaka kumpiga adui anayekuja kwa nyuma, humlazimu asimame wima na kuelekeza bunduki ya pili juu ya bawa, upepo unampiga kifuani na ukingo wa kibanda haumfiki kiunoni, hana cha kushika isipokuwa hiyo bunduki. Kwa vifaa hivyo walipigana. Max Immelmann, rubani bingwa wa Kijerumani, alikufa Juni 18, 1916 akipambana na ndege za aina hii za skuadroni namba 25 ya Waingereza, na mpaka leo watu wanabishana kama aliuliwa na risasi zao au na hitilafu ya bunduki yake mwenyewe.

Jina la Zanzibar lilifikaje pale? Katika vita ile palikuwa na utaratibu wa ndege za zawadi. Koloni, mji au chama kilichotoa fedha za kununulia ndege kiliandikiwa jina lake juu ya ndege hiyo. Ikidunguliwa, jina halikufa nayo. Lilihamishiwa ndege nyengine iliyotoka kiwandani. Hata mwaka 1916, basi, jina letu lilikuwa likihama kutoka mbao hadi mbao. Na watu wa huku walikuwa na sababu ya kuijua vita. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia alfajiri na kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus ikiwa imetia nanga bandarini kwetu, injini zake zikitengenezwa. Mabaharia wake wamezikwa kisiwani Chapwani, mgeni yeyote anayekwenda kuogelea kule anaweza kuyaona makaburi. Königsberg ikajificha kwenye delta ya Rufiji hadi Julai 1915, ilipoangamizwa kwa mizinga iliyokuwa ikielekezwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia. Ndege za mwanzo kuletwa huko zilishindwa kwanza na joto na unyevu kabla ya kushindwa na Wajerumani.

Fedha za serikali ya Zanzibar wakati ule zilitegemea sana ushuru wa karafuu, na karafuu nyingi zilitoka Pemba. Kama tunataka kusema ndege ile ni yetu, basi tuseme vizuri ni ya nani katika sisi. Nyuma ya herufi zile yupo mchumaji wa Wete au wa Mkoani aliyepanda mkarafuu alfajiri, akateremka na pakacha, akakaa usiku kuchambua makonyo, akaanika juani, na katika kila mzigo uliopimwa serikali ikakata chake. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kununua ndege. Dai la kihistoria lipo hapo, na ni zito kuliko hadithi ya ndege ya Sultani, kwa sababu linauliza himaya ilitumiaje jasho la watu. Makaratasi ya serikali ya wakati huo yanatunzwa Kilimani kwenye nyaraka za taifa, hatua chache kutoka mjini. Mwenye ari ya kudai angeanzia huko.

Ama ndege iliyoko Hendon, hiyo siyo iliyoruka mwaka 1916. Imejengwa upya kwa kuzungushia sehemu chache za zamani, kisha ikapakwa rangi, namba na jina la ndege iliyokuwepo. Ni kazi nzuri ya kitaalamu. Lakini ukiidai, unadai kitu kilichotengenezwa na mafundi wa Kiingereza wa zama zetu. Hakuna aliyetuibia.

Sasa tuangalie hizo zinazorushwa. Mfano ulio wazi zaidi ni Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, yenye namba P9374. Ilitua kwa dharura ufukweni Calais, Ufaransa, Mei 24, 1940, mchanga ukaimeza, na ikaibuka tena mwaka 1980. Kilichoibuka kilikuwa gofu lililoliwa na maji ya chumvi kwa miaka 40. Ikarushwa tena mwaka 2011, na mwaka 2015 ikauzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 3, ambazo kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi bilioni 10. Anayeyaona maji ya chumvi yanavyofanya kwa mabati ya nyumba za pwani hahitaji kuelezwa ni kiasi gani cha ile ndege ya ufukweni kingeweza kurudi angani. Kilichoendelea bila kukatika ni utambulisho wake: namba, kumbukumbu, na vipande vilivyofaa kutumika au kuigwa. Katika biashara hii watu hununua gofu kwa ajili ya kibati chake cha namba, halafu wakajenga ndege nzima nyuma ya kibati hicho.

Siwalaumu, maana kazi yenyewe haina njia ya mkato. Ngozi ya Spitfire ni aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine, imeshikwa kwa maelfu kwa maelfu ya ribiti. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Huota unga mweupe, ikavimba, ikaachana tabaka kwa tabaka kama andazi bovu. Baadhi ya ribiti za zamani zilikuwa na magnesiamu, nazo huoza kabla ya bati zilizoshikilia. Fundi hutoboa kila ribiti, hubandua kila bati, hulipima, na mara nyingi hulitupa baada ya kulitumia kama kielelezo. Mhimili mkuu wa bawa ni mirija ya pembe nne iliyochomekwa mmoja ndani ya mwengine, mingi kwenye shina la bawa na ikipungua kuelekea nchani; mrija uliokaa miaka 80 hakuna mkaguzi atakayeuidhinisha ubebe roho ya mtu, kwa hivyo huundwa mpya. Injini ni afadhali kidogo. Merlin, injini ya Spitfire, zilitengenezwa karibu 150,000, zaidi ya 55,000 kati ya hizo na kampuni ya Packard huko Marekani, kwa hivyo bado vipuri vinapatikana. F.E.2b haina bahati hiyo. Mafundi wa New Zealand waliojenga F.E.2b ya kuruka walihitaji kuwa na Beardmore ya zamani mkononi na watu wenye subira ya kuifanya ingurume.

Hapa ndipo wahifadhi wa makumbusho wanaposimama na hoja yao, nayo ni hoja nzito. Wanasema kitu cha kale ni ushahidi, na kila bati jipya linafuta ukurasa. Rangi ya kiwandani, alama ya tindo la mwanamke aliyefanya kazi zamu ya usiku mwaka 1940, tundu la risasi lililozibwa kwa haraka, vyote hivyo huondoka ndege ikifanywa ipae. Ndiyo maana ndege ya Kijerumani aina ya Dornier 17, iliyopandishwa kutoka chini ya bahari nje ya pwani ya Kent mwaka 2013, haikupelekwa kwa mtu wa kuirusha. Ililazwa kwenye makumbusho ya jeshi la anga huko Cosford na kunyunyiziwa maji yenye asidi ya ndimu, wiki baada ya wiki, ili chumvi itoke na kitakachobaki kibaki kama bahari ilivyokiacha.

Hoja yao ya pili ni ya damu. Novemba 12, 2022 kwenye maonesho ya anga mjini Dallas, ndege mbili za zama za vita, B-17 na P-63, ziligongana mbele ya watazamaji na watu sita wakafa. Mei 25, 2024 Spitfire ya kikosi cha kumbukumbu cha jeshi la anga la Uingereza ilianguka karibu na kituo chake cha Coningsby na rubani wake akafariki. Tangu hapo mjadala umekuwa mkali: je, inafaa kuhatarisha watu walio hai kwa ajili ya mashine za waliokufa? Mtu akinijibu kwamba hata boti zetu zinazama na bado tunasafiri, nitamwambia msafiri wa boti anakwenda Pemba kwa sababu ana shughuli Pemba.

Upande wa pili, watetezi wa kurusha wana hoja za viwango tofauti, na iliyo dhaifu ndiyo inayopendwa zaidi. Wanasema ndege iliyotulia ndani ya jumba imekufa, na kuirusha ni kuwaheshimu marubani waliokufa nayo. Maneno matamu, lakini hayashikiki. Mtu aliyekufa haheshimiwi zaidi kwa bati jipya la mwaka 2011 kuliko kwa kipande kilicholowa chumvi alichokishika mwenyewe. Tena heshima ya namna hiyo huwa na bei, na anayeilipa ndiye huchagua ni nani wa kuheshimiwa. Ndiyo sababu anga ya Ulaya imejaa Spitfire na wanaohangaika kufufua ndege za mizigo zilizolisha majeshi ni wachache zaidi. Hoja yao ya sauti ina uzito kidogo zaidi. Aliyewahi kuisikia Merlin ikipita chini anakubali kwamba kuna elimu ambayo maandishi ukutani hayatoi. Lakini sauti hurekodiwa, na kwa hilo peke yake nisingekubali mtu afe.

Hoja iliyonishinda, nami nilianza nikiwa upande wa makumbusho, ni ile ambayo watetezi wa kurusha wenyewe huitaja mwisho, kama jambo la pembeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Spitfire zilizokuwa zikiruka duniani zilikuwa chache kabisa. Leo ni dazeni kadhaa. Vitu vya kale haviongezeki; vinavyoongezeka ni vitu vinavyotengenezwa. Maana yake ni kwamba katika nusu karne hii, ufundi uliokuwa umelala umeamka. Wapo vijana ambao babu zao hawakufika vita ile, na wanajua kukunja bati la ncha ya bawa kwa gurudumu la mkono, kusikiliza ribiti kwa nyundo na kuijua iliyolegea. Hili halikutokea kwa sababu ya mihadhara. Lilitokea kwa sababu kuruka hakukubali uongo. Nakala ya kukaa ndani ya jumba inaweza kuwa na mhimili wa mbao ndani ya bawa la bati na mtazamaji asijue. Ya kuruka haina pa kujificha.

Chukueni mfano wa ndege ya kivita iitwayo Mosquito, ambao kwa mtu wa pwani ndio unaosemesha zaidi kwa kuwa ni ndege ya mbao. Mwili wake ni tabaka nyembamba za mti wa bachi zilizobana mti mwepesi wa balsa katikati, ukaundwa nusu ya kushoto na nusu ya kulia juu ya kalibu, kisha nusu hizo zikagandishwa. Mwanzoni walitumia gundi iliyotokana na maziwa. Ilipopelekwa nchi za joto za Mashariki, gundi ile ilipata unyevu, ikaota ukungu, mbao zikaachana, ikabidi watumie gundi za kemikali. Vita vilipokwisha zile zilizoachwa nje ziliendelea kuoza zenyewe, na kwa miaka mingi hapakuwa na Mosquito hata moja inayoruka. Huko New Zealand mtu mmoja, Glyn Powell, alikaa miaka akizitengeneza kalibu upya. Kalibu zilipokuwepo, mwili ukawezekana. Na Septemba 2012 Mosquito namba KA114, iliyotoka Kanada ikiwa mbao zake zimeshaoza shambani, ikaruka kutoka uwanja wa Ardmore. Karibu mbao zote ni mpya. Mhifadhi wa makumbusho atasema hiyo ni nakala, na atakuwa sahihi. Lakini baada ya hiyo zimefuata nyengine. Kalibu inazaa, gofu halizai.

Kinyume chake ndicho kinachopaswa kutukosesha usingizi. Hurricane, ndege nyengine ya kivita ya Kiingereza, yenye namba R4118, ilipigana juu ya Uingereza mwaka 1940, baadaye ikapelekwa India, na ikaishia kwenye chuo kikuu cha Kihindu cha Banaras, mjini Varanasi, ili wanafunzi wa uhandisi waisome. Ikakaa uani, mvua na jua, nyasi zikaizunguka. Mwingereza mmoja, Peter Vacher, aliiona mwaka 1982, akafuatilia kwa karibu miaka 20, akaipata mwaka 2001, na Desemba 2004 ikaruka kwao. Wengine wanaisoma habari hii kama ya mkoloni kuchukua tena chake. Mimi naisoma kwa namna nyengine. Chombo kilikuwa Varanasi, tena kwenye chuo cha uhandisi, mahali pa haki kabisa. Karakana yenye mafundi wa Hurricane ilikuwa Suffolk, Uingereza. Chombo kikawafuata mafundi. Angalieni kesi nyingi za vitu vya kale na mtaona mkondo huohuo: miliki ya karatasi hupigania siku chache, kisha kitu huelekea kwenye mikono inayojua kukishughulikia. (Na pasipokuwa na mikono wala kitu, hubaki ndoto. Mwaka 2013 wapo watu waliokwenda Burma kuchimbua Spitfire zilizosemekana zimezikwa ndani ya masanduku. Walichimba, hawakukuta ndege.)

Tuje kwetu. Nungwi bado wapo mafundi wa vyombo, na niliwahi kukaa kitambo na mzee mmoja aliyekuwa akilitengeneza jahazi lililochoka. Nilipomwamkia shikamoo na kumwuliza chombo kina umri gani, alinitajia mwaka ambao baba yake alilaza mkuku. Hapohapo mwanawe alikuwa anang'oa ubao wa tatu siku ile, na mataruma ya upande mmoja yalikuwa mapya, bado yana rangi ya mti mbichi. Nikamwambia, "Babu, sasa si chombo kipya hiki?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto, akaendelea kupigilia kalafati: pamba iliyosokotwa, inaingizwa kwenye mwanya, inagongwa mpaka inakataa. "Kipya kwa nani?" akasema. Jahazi lilikuwa na jina lake, nahodha wake na deni lake, na yote yalikuwa ya zamani. Mijadala ya Ulaya juu ya kibati cha namba na asilimia ya chuma cha asili, mzee yule ameshaipita. Anachokihofia ni kwamba mwanawe anataka kwenda kufanya kazi hotelini.

Fikirini basi juu ya Beit al-Ajaib. Liko palepale Forodhani ambapo wenzetu wanataka ndege ipite. Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883, kwa nguzo za chuma zilizoagizwa kutoka nje na kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896 iliuangusha mnara uliokuwa mbele yake, na mnara wa saa tuliouzoea uliwekwa baadaye. Hata hilo jengo letu la ajabu, kwa hivyo, halikuwahi kubaki na sura moja ya asili. Desemba 25, 2020, katikati ya matengenezo, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka na watu wawili wakafa. Tangu siku ile mazungumzo yetu yamekuwa juu ya fedha: nani atatoa, Oman imetoa nini, mkandarasi ni nani, litafunguliwa lini. Ni maswali halali. Swali ambalo silisikii barzani ni hili: likishasimama, ni Wazanzibari wangapi watakuwa wamejifunza kulisimamisha?

Ukuta wa matumbawe na chokaa una tabia zake. Unavuta unyevu na kuutoa, unapumua. Ukiukandika saruji, kama tulivyofanya Mji Mkongwe kwa miaka mingi kwa kuwa saruji ni rahisi na inakauka haraka, maji hunaswa ndani, boriti zinaoza vichwa ndani ya ukuta bila kuonekana, halafu siku moja dari inashuka. Fundi wa chokaa anayejua kuichoma, kuizimua, kuilaza mpaka iive na kuipiga tabaka jembamba kwa tabaka jembamba ni adimu kuliko chokaa yenyewe. Mkandarasi kutoka nje anaweza kuja na mafundi wake, akamaliza kwa muda, akakabidhi funguo, na jengo likapendeza. Lakini jengo la pwani huanza kuharibika siku ya kukabidhiwa. Baada ya miaka 20 tutamwita nani?

Ndani ya jumba lile paliwekwa mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, tanga lake la mkeka, uliojengwa upya miaka ya mwanzo ya 2000 baada ya mitepe ya kweli kutoweka baharini katika karne iliyopita. Kwa macho yangu huo mtepe ulikuwa ndiyo F.E.2b yetu, na ulistahili picha nyingi zaidi za WhatsApp kuliko ile ya Hendon. Ulijengwa, ukawekwa, ukatazamwa. Haukutiwa majini ukasafiri mwaka baada ya mwaka, na kwa hivyo haukulazimisha mtu kushona upya kamba zilizolegea, kubadili ubao uliolika, kumfundisha kijana ni kamba ya kumbi lililolowekwa muda gani inayokaza ikipata maji na ipi inayokatika. Ulipumzika kama kitu cha makumbusho, na maarifa yakapumzika nao.

Nitaambiwa kwamba haya ni anasa, watoto wanakaa chini skulini na hospitali hazina dawa. Nalichukua kwa uzito, na ndiyo sababu nasema wazi kwamba kuirusha F.E.2b juu ya Forodhani kungekuwa upuuzi wa fedha za umma: injini hazipatikani, mafundi hawapo, hewa ya chumvi ingeanza kuila siku ya kwanza, na raha yake ni ya dakika kumi. Ufundi wa chokaa na wa vyombo ni jambo jengine. Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, unaleta wageni, na wageni wanalipa. Fundi anayejua kuushika ni ajira, tena ajira isiyohama na msimu. Nitaambiwa pia kwamba vijana hawataki. Kijana hataki kazi ya mkono inayolipwa kwa kubahatisha. Wale wanaokunja mabati ya Spitfire hawakuipenda kazi kwa mapenzi matupu. Wanalipwa mishahara ya kuendesha nyumba, na juu ya meza ya mwenye karakana kuna oda za miaka ijayo.

Kwa hiyo ningeyabadilisha madai yanayozunguka kwenye simu. Kwa Hendon tuombe kitu kidogo na cha maana: nakala za kumbukumbu zote zinazohusu ndege zilizobeba jina la Zanzibar, zije Kilimani, zikutane na hesabu za ushuru wa karafuu, na mwanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, aandike ni nani hasa aliyelipa. Hilo ni gharama ya barua na mashine ya kupiga picha. Kwa serikali yetu na mamlaka ya Mji Mkongwe, kila mkataba wa ukarabati wa jengo la kale uwe na kifungu kinachomlazimisha mkandarasi kuchukua wanagenzi wa hapa, awalipe, na asikabidhiwe malipo ya mwisho mpaka wanagenzi hao wamejenga kwa mikono yao kipande cha ukuta ambacho mkaguzi asiye wa mkandarasi amekipima na kukikubali. Mafunzo ya amali yapo tayari, yana majengo na walimu. Kinachokosekana ni kazi halisi ya kuwapeleka wanafunzi wake. Na mtepe ujengwe tena, safari hii Nungwi au Mkoani, ufukweni na siyo ndani ya ukumbi, kwa sharti kwamba utasafiri kila kaskazi baina ya Unguja na Pemba ukiwa na nahodha, leseni na shehena ya karafuu, na fungu la kila mwaka la kamba, mbao na ujira wa washonaji liandikwe kwenye bajeti kabla ubao wa kwanza haujatobolewa.